Gia Kubwa ya Mbele

Sipendi kujisema, lakini hili nitalisema mwenyewe kabla majirani hawajalitia chumvi.

Nilikuwa natoka Busia na baiskeli ya gia kwenda Kwapa, kumtembelea binti yangu mara ya kwanza tangu aolewe. Kile kilima cha njiani nilitaka kukipanda bila kushuka, nifike na heshima yangu. Kabla sijaondoka, fundi wa baiskeli akaniuliza, "Mama, mnyororo niuweke gia kubwa ya mbele ama ya nyuma?"

"Mbele. Mimi si mtu wa nyuma."

"Lakini mama, kwa mlima ya mbele ni nzito..."

"Nimeendesha baiskeli kabla mama yako hajaolewa. Weka!"

Katikati ya kilima pedali zikagoma. Baiskeli ikaanza kurudi chini, mara mtu akashika kiti kwa nyuma, akasukuma. Sikugeuka hata. Nikafoka, "Sukuma basi! Unasukuma kama mtu hajakula?"

"Nimekula, mama mkwe," sauti ikajibu polepole.

Kwetu mkwe, kwa heshima, hata mkono hanipi. Huyu alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili, na mimi nimekikalia.