Ekyanzi cha Ukweni

Ma Benigna wa Ngenge alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: ng'ombe wake Bihogo, na kusoma kwake. Alimaliza darasa la saba mwaka wa sabini na nne, na mpaka leo akipewa Biblia asome kanisani, hasomi kwa kuvutavuta maneno.

Mwanawe Kyaruzi ni fundi umeme Bukoba mjini, anakaa Nshambya na mkewe Joyness. Walipopata mtoto wa kike wakamwita Alistidia, jina la mama yake Benigna. Akiwa na miezi saba mtoto alionjeshwa uji wa maziwa. Midomo ikavimba, mwili mzima ukatoka mapele kama aliyepitishwa kwenye upupu. Wakavuka naye ziwa mpaka Mwanza, damu ikapimwa. Daktari akawaeleza kwamba damu ya kila mtu ina walinzi, wanaitwa kingamwili, kazi yao kukamata vijidudu vya ugonjwa. Walinzi wa mtoto huyu wamekosea adui. Wakikutana na maziwa ya ng'ombe, hata tone, wanauamsha mwili wote kupigana, nao unavimba mpaka pumzi inaziba. Huenda akikua wakayazoea maziwa. Huenda wasiyazoee.

Benigna aliposimuliwa hayo alicheka. Akamwambia Joyness kwamba kwao wamezoea chai ya rangi, ndiyo maana damu yao inashangaa. Kwa kina Kyaruzi watu wamekunywa maziwa tangu enzi hizo, wakazikwa na meno yao yote.

Neno lile lilimkaa Joyness moyoni. Kwa miaka mitatu mtoto aliletwa Ngenge kwa saa mbili tu, tena mapajani mwa mama yake, akila chakula kilichotoka mjini.

Benigna akajua ameponzwa na mdomo wake. Alichokuwa anakitaka duniani kikawa kimoja: Alistidia alale kwake, aachiwe yeye. Akanunua sufuria mpya, mwiko na kikombe cha plastiki, akavitenga. Bihogo akahamishiwa nyuma ya nyumba, na kila baada ya kumkamua Benigna alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko na kubadili kanga. Majirani wakamtania kwamba siku hizi anamkamua ng'ombe wake mwenyewe kama mwizi.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Joyness alifiwa na shangazi yake Karagwe, na Kyaruzi alikuwa kazini Biharamulo. Basi mtoto akaletwa Ngenge, na pamoja naye karatasi: maziwa, mtindi, siagi, samli, biskuti, mandazi ya dukani, vyote marufuku. Benigna akaibandika ukutani, akaisoma yote kwa sauti mbele ya mkwewe, asikosee hata neno.

"Nakuachia roho yangu, Mama," Joyness akasema.

"Nimeipokea, mwanangu."

Siku mbili zikapita vizuri, nzuri kuliko zote alizokumbuka tangu mumewe afariki. Alistidia alishinda naye kibanjani akimbebea magome makavu ya migomba, akiimba, na usiku alilala mkono wake mmoja umeshika shavu la bibi.

Siku ya tatu zilikamuliwa ndizi mbivu, ukapatikana omulamba, yale maji matamu kabla hayajachachuka. Benigna akakitazama kikombe cha plastiki, roho ikakataa. Kwenye ukoo wa mumewe, mjukuu anayelala kwa bibi mara ya kwanza hunyweshwa na mkono wa bibi kutoka kwenye ekyanzi, chombo cha mti cha kuwekea maziwa. Chake alikabidhiwa na mama mkwe siku aliyoolewa, na huyo naye alikabidhiwa na wake. Plastiki ni ya mpita njia.

Wala hakukurupuka. Tangu aliposikia mtoto anakuja alikuwa ameshakisugua kwa majivu, akakiosha kwa maji ya moto, jambo ambalo mama mkwe angemgombeza kwalo, kisha akakianika juani na kukifukiza kwa majani makavu. Hakikuwa na maziwa. Na kwenye karatasi hakikuandikwa.

Mtoto alikunywa mafunda manne, akacheka. La tano hakulimeza. Midomo ikajaa, sauti ikakwama, kifua kikaanza kupiga filimbi. Rugaibula, jirani mwenye bodaboda, aliwakimbiza zahanati huku Benigna akilitaja jina la mama yake njia nzima. Muuguzi akampiga mtoto sindano ya paja. Pumzi ikarudi.

Jioni Kyaruzi akafika, macho mekundu.

"Mama, ulimwonjesha?"

"Sikumwonjesha, waitu, mwanangu."

Hakumwamini. Hakuna aliyemwamini. Ngenge nzima ilisema bibi alitaka kumzoeza. Na kilichomtesa zaidi, yeye mwenyewe hakujua mtoto alidhurika na nini. Alisoma ile karatasi mpaka kona zikachanika.

Wiki ya pili ndipo alipokishusha ekyanzi, akakijaza maji ya moto, akakiacha mpaka asubuhi. Juu ya maji ukakaa utando mwembamba, una mafuta, unanuka maziwa. Mti ulikuwa umeyanywa miaka yote hiyo, yake na ya waliomtangulia.

Akakifunga kwenye kanga, akapanda basi la asubuhi mpaka Bukoba. Nshambya, Joyness alimwekea kiti uani. Benigna akafungua kanga, akaeleza yote bila kujitetea. Joyness akalia, akasema hata yeye asingewaza mti.

"Nakuamini, Mama. Ulifuata kila nilichoandika."

Benigna akashusha pumzi.

"Lakini sitaweza tena kumwacha kwako. Nikifumba macho naiona ile midomo. Unisamehe."

Alistidia akatokea mlangoni, mikono nyuma kama alivyofundishwa. Alitamani kukimbilia, ilionekana kwenye miguu. Akauliza, "Bibi, umenawa?"

Benigna akaenda bombani. Alinawa kwa sabuni mara tatu, akapita chini ya kucha, akapanda mpaka kwenye viwiko. Hakujifuta, maana kanga ilikuwa imebeba ekyanzi. Akarudi amenyoosha mikono hewani, ikidondosha maji.

Joyness alikuwa amesimama mlangoni peke yake. Alisema kwa upole kwamba hata gauni la Benigna limegusana na kanga, na mtoto amemwingiza ndani, labda siku nyingine.

Kwenye basi Benigna aliweka ekyanzi chini, miguuni. Mpaka Muleba mikono yake ilikuwa magotini, viganja juu, imeshakauka zamani, na hakugusa kitu.