Chemchemi Tuliyoipandia Miti

Juzi kwa baraza ya chifu alisimama kijana mmoja wa mambo ya mazingira, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama yenyewe. Akavuta pumzi, akaongea na sauti ya kutoka tumboni: "Wazee wetu, akina mama! Mito yetu imekufa kwa sababu ya tamaa! Tamaa na ubinafsi!" Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga. Kila mmoja alikuwa anapiga makofi huku anamwangalia mwenzake, kama kusema umesikia, unasemwa. Nikaanza kucheka. Mama aliyekaa karibu na mimi akanisukuma na kiwiko: "Wewe mzee, unacheka nini mbele ya chifu?" Nikamwambia huyu mtoto anaongea kama redio. Lakini si hiyo ilinichekesha.

Baraza ikiisha sikwenda nyumbani. Nilishuka bondeni na fimbo yangu, magoti yakilalamika njia yote. Chini huko ni mikaratusi tupu, imesimama kama askari. Majani makavu yanalia chini ya miguu, na ile harufu yake inaingia kwa pua kama dawa ya kifua. Nikatafuta mahali kwa macho, nikapakosa. Nikatafuta kwa miguu, nikapapata, kwa sababu pale ardhi imeingia ndani kidogo. Nikakaa chini.

Hapo ndipo palikuwa na chemchemi yetu, rafiki yangu. Sisi wa huku upande wa Magwagwa tulikuwa na maji ambayo ukiyachota asubuhi, meno yanauma. Bonde lote lilikuwa majimaji. Mafunjo yalikuwa marefu kuliko baba yangu, na ndani yake korongo walitembea na mataji yao kichwani, polepole, kama wake wa machifu wakienda kanisani. Jioni vyura walianza mmoja, halafu wawili, halafu huwezi kusikia mtu anakuita. Hiyo ni miaka ile baada tu ya uhuru. Nyumba zilikuwa za nyasi, mashamba yalikuwa meupe kwa maua ya pareto, na wengi bado walikuwa wanaogopa chai, wanasema ni mti wa mzungu, utakula shamba.

Mimi sikwenda shule. Kazi yangu ilikuwa kuchunga ndugu zangu wadogo, kuchambua mboga za chinsaga, na kuchota maji. Na maji niliyoyachota zaidi ni ya nyanya, mama wa baba yangu. Yeye hakunywa maji ya mto hata umpige. Alikuwa na kibuyu chake cha shingo nyembamba, na maji ya kibuyu hicho yalitoka chemchemi peke yake. Mama alikuwa anamchokoza: "Maji ni maji, mama. Tumbo halina macho." Nyanya anajibu, hata hageuki: "Tumbo langu linaona. Lako ndilo limelala." Mimi nilikuwa nawaigiza wote wawili mpaka baba anatoka nje kucheka.

Kwa chemchemi nyanya alikuwa na sheria zake. Chungu chenye masizi hakiingii. Mafunjo ya karibu hayakatwi, hata kwa mkeka wa bibi harusi. Na kabla ya kuinama, unakohoa, kama mtu anayeingia kwa nyumba ya wenyewe. Alisema, "Maji hayana mwenyewe, mke mwenzangu. Yana wageni tu." Aliniita mke mwenza, vile nyanya hufanya, ati tunagawana babu, na babu mwenyewe alikuwa amekufa kabla sijazaliwa.

Lakini nikwambie ukweli. Mimi nilichukia yale majimaji. Ili ufike kwa chemchemi unapita kwa matope ya magoti, na kwa matope hayo kulikuwa na ruba. Ukitoka, unawakuta wamekushika nyuma ya mguu, weusi, wamenona, na ukiwavuta wanarefuka kama mpira. Kila siku, asubuhi na jioni. Nilikuwa naomba Mungu usiku, nikimwiga pasta kabisa ili asikie vizuri: "Eee Baba Mwenyezi, kausha!"

Jirani yetu wa ng'ambo, mzee mmoja mrefu aliyeongea kwa pua kwa sababu ya ugoro, ndiye alileta habari ya mikaratusi. Sehemu kubwa ya bonde ilikuwa yake. Alikuwa amesikia kwa bwana shamba kwamba miti hiyo ukiipanda kwa maji inakimbia kwenda juu. Akazunguka boma kwa boma: "Nnnh, watu wangu, mtalala chini ya nyasi mpaka lini? Pandeni na mimi. Miti ikikua, kila nyumba itapata ya kuezekea mabati. Sitauza kabla hamjapata." Na usimcheke, alimaanisha. Mama alisikia mabati, macho yakawaka. Baba akaona nguzo. Kanisa likaona viti. Mimi nilisikia neno moja tu, kwamba miti hiyo inakunywa maji.

Akaita risaga. Wewe wa siku hizi labda hujui risaga. Mtu akiwa na kazi kubwa anaita majirani, mnakuja na majembe yenu, mnafanya kwa siku moja, naye anawapikia. Kesho ukiita wewe, watakuja kwako. Kukataa risaga ni kusema hutaki kuzikwa na watu. Na huyo mzee ndiye aliita wenzake nyumba ya nyanya ilipoanguka kwa mvua, wakaisimamisha kabla jua halijazama. Sasa nyanya atasema nini?

Alikuja. Alikuja wa kwanza, na jembe lake begani. Jirani alikuwa Msabato, ugoro tu ndio ulimshinda kuacha, kwa hivyo pombe hakuna, kuna uji wa wimbi uliochacha na mbuzi mmoja. Nyanya akaonja uji, akakunja uso: "Risaga bila pombe! Hata mizizi itashika kwa nini?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Tukakata mafunjo, tukapanda. Wanaume wanatoboa, wanawake wanapanda, watoto tunabeba miche. Mtu mmoja anaanza wimbo, bonde lote linajibu. Korongo walisimama ng'ambo wanatuangalia, halafu wakaruka. Ilikuwa siku nzuri, nisikudanganye. Nyama ilikuwa na mafuta mpaka kwa kiwiko.

Nyanya aliomba mstari wa karibu na chemchemi. Wakampa, wakasema mzee apande karibu na maji yake. Mimi nilikuwa nyuma yake na kapu la miche. Nikamwona. Kila mche alioshika, kabla ya kuushusha kwa shimo, kidole gumba kilipita chini yake mara moja, taratibu, kama mtu anayemenya njugu. Kucha ilikuwa inakata mizizi. Halafu anafukia vizuri, anakanyaga kwa adabu, anaenda kwa mwingine. Nikasema, "Nyanya, hizo hazitaota." Akaniangalia na jicho moja. "Mke mwenzangu, mimi niliitwa kupanda. Kuota sikuitwa."

Baada ya wiki chache bonde lote lilikuwa limesimama kijani, isipokuwa mstari mmoja uliokauka kama tumbaku. Nilikuwa kwa chemchemi jioni, najitoa ruba na chumvi, jirani akashuka. Akaangalia ule mstari, akakuna kichwa. "Nnnh. Ardhi hii imenikataa hapa tu?" Hakujua. Alikuwa na miche mingine kwa gunia. Akaona miguu yangu ina damu, akanihurumia. "Msichana, hawa wadudu wanakumaliza. Nipandie hii, mimi mgongo unauma. Hapa pakikauka utakuja kuchota maji na viatu." Viatu! Sikuwa hata na viatu. Akaingiza mkono kwa koti, akatoa kipande cha sukari nguru, kikubwa kama ngumi ya mtoto.

Ningesema hapana. Nilikuwa na mdomo, tena mdomo unaojulikana kijiji kizima. Nilikula ile sukari hapo hapo, nikapanda. Na nilipanda vizuri, ndiyo inaniuma. Nilitandaza mizizi na vidole vile bwana shamba alionyesha, nikaweka mboji, nikamwagia maji ya chemchemi yenyewe, mche kwa mche.

Asubuhi nyanya alishuka na mimi. Akakohoa kidogo, akainua macho, akaona mstari umesimama. Akauliza, "Nani amenisaidia?" Nikasema sijui. Akaniangalia vidole. Nilifikiri atang'oa. Hakung'oa. Mti ulioshika kwa shamba la mtu, uliopandwa kwa risaga, kuung'oa ni kutema mate kwa chakula cha watu wote. Alijaza kibuyu chake, akasema tu, "Umepanda kama mtu mzima." Ningechapwa ningepona haraka.

Miti ilikimbia kweli. Nilipoota matiti, miti ilikuwa imepita nyumba. Jirani hakusema uongo, mama alipata miti yake, tukaezeka mabati, mvua ya kwanza tukashindwa kusikilizana tukacheka. Kanisa lilipata viti. Na wengine walipoona hivyo, kila mtu akapanda sehemu yake ya bonde, bila kuita risaga, kila mmoja na wake.

Ruba wakapotea. Mungu alinisikia. Halafu vyura wakapungua, jioni moja nikagundua namsikia mama akiniita kutoka mbali. Korongo walikuja msimu mmoja, wakazunguka juu, hawakushuka. Chemchemi haikufa siku moja. Kwanza iliacha kufurika, halafu ikawa ya kungoja. Nyanya alikuwa anakaa hapo na kibuyu, anangoja maji yaje tone kwa tone, anatoka asubuhi anarudi mchana. Mama akimwambia kuna mto, anasema, "Natembelea mgonjwa."

Watu wakaanza kusema. Tamaa ya yule mzee! Wakamwiga pua yake: "Nnnh, mabati, nnnh, mabati!" Wanasema hivyo wamesimama chini ya mabati. Mimi niliiga zaidi ya wote, na watu walicheka zaidi kwangu, na nilijua kwa nini napiga kelele. Nimetafuta mtu mbaya kwa hii hadithi miaka yote na simpati. Mama alitaka mtoto asinyeshewe. Jirani alitaka tumkumbuke. Tamaa, ndiyo, ilikuwepo, sitamkatalia yule kijana. Lakini haikuja na meno marefu. Ilikuja ikituhurumia miguu.

Mwaka niliokuwa karibu kuolewa nyanya aliugua. Hakutaka uji, hakutaka maziwa. Akasema, "Mke mwenzangu, niletee maji yangu." Nikachukua kibuyu nikakimbia. Nikapita kati ya miti kwa ardhi ngumu, miguu mikavu kabisa. Nikafika. Kulikuwa na tope la kutosha kiganja, na lenyewe limepasuka. Nikachimba na mikono. Nikachimba mpaka nikakuta mzizi, mnene kama mkono wangu, nikajua ni wa mti gani. Nililia pale, sikuiga mtu.

Halafu nikaenda mtoni. Jua lilikuwa kichwani, mto umepata joto na ng'ombe wamepita juu. Nikajaza. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akaangalia kibuyu, akaangalia uso wangu, akaelewa, akanipisha. Nilitaka kumwambia nyanya yote, jirani, sukari, vidole vyangu. Nikashika kichwa chake tu, nikamnywesha.

Alikunywa kidogo. Akashikilia mdomoni. Yule ambaye tumbo lake linaona. Nikafunga macho nikangoja.

"Ndiyo haya," akasema. "Baridi kabisa."

Sisi tuliowahi kunywa pale tumebaki wachache. Tukikutana kanisani, mmoja anasema yale maji yalikuwa matamu, mwingine anasema hayakuwa na ladha, ni njaa tu ya wakati ule. Tunabishana kama watoto. Hakuna mahali tunaweza kwenda kuonja tumalize maneno. Wakinigeukia mimi, nasema yalikuwa baridi, basi, na nachukua fimbo yangu, kwa sababu nikikaa wataniuliza nyanya alikunywa nini siku ile.