Utunda Usiovuliwa

Nakumbuka siku ambayo Koko alitia kidole kati ya shanga na kiuno cha binti yangu, akakiacha palepale, akanitazama usoni. Ilikuwa asubuhi, mjini Andoany, kule kisiwani Nosy Be. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, na bendera mpya mbele ya ofisi ilikuwa haijapauka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilijiona fundi. Ufundi nilikuwa nao kweli, mwanangu, sikatai. Ndio ulioniponza.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa mama, kama Wangazija wote wa Mahajanga wanavyowaita bibi zao. Yeye ndiye aliyenilea na kunifundisha kutunga shanga: kuupaka uzi nta, kuchagua punje za kimo kimoja, kufunga fundo lisilomchoma mvaaji. Kwetu mtoto wa kike akitimiza siku arubaini huvalishwa utunda, zile shanga za kiunoni. Wapo wanaosema ni urembo, wapo wanaosema ni kinga ya jicho baya. Koko aliwacheka wote. Kwake utunda ulikuwa mizani. Mama anapomwogesha mtoto hutia kidole chini ya uzi. Kikiingia kwa kubanwa, mtoto yu mzima. Uzi ukikaza, mshukuru Mungu, uongeze punje. Ukilegea, usingoje kesho. Na sharti lake lilikuwa moja tu: utunda hauvuliwi wala haukatwi, huongezwa, mpaka mtoto akue.

"Mtoto mchanga hana ulimi," aliniambia siku alipomfunga Zaina wangu utunda wa punje nyeupe na buluu, kuukuu, zilizowahi kuvaliwa na marehemu mama yangu. "Ulimi wake ndio huu."

Niliitikia. Kuitikia si kazi.

Mume wangu alikuwa baharia wa chombo cha mizigo, akaniweka Nosy Be, naye akawa haonekani mwezi hata miwili. Upweke ule niliutia kwenye sindano. Nilibuni mikufu, bangili na vipuli, nikachanganya shanga na mbegu nyekundu za porini na makombe madogo ya pwani. Nilitunga hata maua ya rangi za bendera, nyeupe, nyekundu na kijani, na wanawake walipigania kuvaa taifa shingoni. Jirani yangu Soa, mzaliwa wa kisiwa jirani cha Nosy Komba, aliyekuwa akidarizi vitambaa mlangoni pake, alinambia mikono yangu haijui kukaa bure. Nilivimba kichwa kwa maneno hayo juma zima.

Zaina alikuwa na mwaka na nusu. Watoto wa umri ule walishinda kifua wazi, wakizunguka nyumba hadi nyumba. Basi nikawaza: utunda wa Koko umechakaa, na mtoto wa fundi anatembea na shanga za marehemu! Nikaufungua, nikautundika msumarini nyuma ya mlango, nikamvika wangu. Wanawake wakauona, wakauliza, wakaagiza. Wahenga wamesema kizuri chajiuza. Mimi changu kilijiuza kwa miguu ya mtoto. Kila nilipobuni ua jipya nilimvika yeye kwanza. Siku tatu, nne, nikakata, nikamtungia mwingine. Na kila mara nilipima kwa kidole kama nilivyofundishwa. Kilipita kwa kubanwa, barabara kabisa. Kingekosaje, ikiwa uzi wenyewe niliukata asubuhi ileile kwa kiuno cha asubuhi ile?

Nilikuwa nimemwachisha ziwa. Tumbo lilikuwa likimwendesha, likitulia, likimwendesha tena. Nikasema ni meno. Nilimpa uji wa wali, hakuumaliza, nikampokonya bakuli nirudi kwenye kazi.

Sasa sikiliza jambo ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi. Ua moja la bendera lilikula punje kumi na mbili. Utunda wa kwanza wa bendera niliomtungia Zaina ulimeza maua ishirini na mawili. Uliofuata wa ua hilohilo, baada ya mwezi na zaidi, ishirini. Halafu kumi na manane. Punje zilizobaki nilizitia kwenye kopo, na nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kwamba shanga zinasazika. Nilijiambia labda punje za safari hii ni nene zaidi.

Soa alijaribu. Aliniambia siku moja kwamba mtoto amepungua, macho yamekuwa makubwa. Nilimjibu kwamba wangu anakimbia, wake wamekaa tu. Akarudi kwenye kitambaa chake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Soa hakuwa hata mkuu, alikuwa rika langu. Ndiyo maana nilimdharau.

Ndipo Koko akaja kutoka Mahajanga kwa chombo cha mume wangu. Hakunywa hata maji. Alimpakata Zaina, akatia kidole chini ya shanga, akakiacha pale.

"Uzi huu una siku ngapi?"

Nikasema siku tatu.

"Wangu uko wapi?"

Niliutoa msumarini. Alimsimamisha mtoto mbele yangu, akamvisha utunda ule wa zamani na kufunga fundo palepale lilipokuwa, penye alama kwenye uzi. Miezi minne tu nyuma ulikuwa ukimbana. Koko alipoachia mikono, shanga hazikusimama kiunoni, hazikusimama nyongani. Zilianguka mpaka chini zikamzunguka nyayo, naye Zaina akaziangalia akadhani ni mchezo, akacheka.

Koko hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Alikuwa akikwambia kila siku. Wewe ukimkata ulimi."

Tulimkimbiza hospitali, kisha chombo kilekile kikatupeleka Mahajanga kwenye hospitali kubwa. Daktari aliuliza kwa nini tumechelewa. Mume wangu alinitazama, nikaangalia sakafu. Siku ya sita Zaina alifariki. Koko ndiye aliyemwosha. Mimi nilishindwa, nilikaa nje nikiwa nimeshika kopo la shanga zilizosazika, sijui hata nililibeba kwa nini.

Koko hakunikaripia tena mpaka alipokufa, na laiti angenikaripia. Siku ya arubaini ya Zaina alinitia utunda ule wa zamani mkononi akasema, "Huu si wa kuzikwa. Atakuja mwingine." Walikuja watatu, wa mwisho mama yako. Wote waliuvaa kwa zamu, na hakuna aliyeufungua isipokuwa kuuongeza.

Nimesikia mikufu yako inasifiwa mpaka Belobaka, na kwamba mwanao atatimiza arubaini wiki ijayo. Nimefurahi, tena sana. Sikwambii uache kazi. Mimi mwenyewe sikuacha, natunga hadi leo kwa macho haya mabovu. Mzazi mwenye kipaji ni neema kwa watoto wake. Lakini usimfanye mtoto mahali pa kujaribia kazi yako, maana ukimtazama kwa jicho la fundi utaona ua na rangi, na yeye hutamwona. Usiondoe kipimo cha jana kwa sababu hakipendezi leo. Jirani akikwambia mtoto amepungua, acha sindano, kamtazame. Hasira itakuwa na wakati wake. Na kitu chochote kikianza kusazika nyumbani kwako, chakula, shanga, hata kelele za watoto, uliza kwanza ni nani anayepungua.

Utunda wa Koko nimeufunga kwenye kitambaa alichodarizi Soa, namkabidhi mama yako akuletee. Kuna mkia mrefu wa uzi, nimeupaka nta mwenyewe. Kwenye kopo atakaloleta pamoja nao mna punje za bendera, zile za Zaina. Sikuwahi kuzitunga tena, lakini ukihitaji za kuongezea, tumia hizo.

Mungu akukuzie binti yako, mwanangu. Akujaalie kila mwezi uzi umbane, mpaka kopo lile liishe.