Hema la Miavuli

Nikisikia harufu ya mshumaa, vidole vyangu huanza kutafuta mshono. Tulihitaji hema jepesi la kukaa tukifukuza kweleakwelea kwenye majaruba ya mpunga, na mama alilikataa turubai la baba.

"Nani atalibeba hilo kila siku?"

Aliokota miavuli mibovu, akabandua vitambaa na kuvipuliza kimoja kimoja. Kilichopitisha pumzi, alisema, kitapitisha mvua; hicho alikitupa. Vilivyobaki alivishona kwa cherehani, nami nikaisugua mishono kwa mshumaa ili nta izibe matundu ya sindano.

Baba alicheka. "Mama watoto, hilo litapeperuka."

Mvua ilipotukuta shambani, tulikaa ndani, pakavu kabisa. Baba akaja mbio, amelowa chapachapa, akainama mlangoni.

"Futa miguu kwanza," mama alimwambia. "Usinichafulie nyumba."