Mbwa Wangu Anakimbia Nikimwita Jina

Admin, naomba unifiche jina na kijiji. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi upande wa Ijara na mama mkwe wangu. Mume wangu yuko mbali na ng'ombe akitafuta malisho, mimi nimeachiwa mbuzi. Na mbwa. Najua wengine mtacheka kwamba mtu mzima analia kwa sababu ya mbwa. Chekeni, lakini mnisome mpaka mwisho.

Anaitwa Libaax, kwetu maana yake simba, na jina lilimfaa. Miaka minne hakuna fisi aliyeonja mbuzi wangu. Tabia yake mbaya ni moja tu, pikipiki. Akiisikia inalia, anaacha mbuzi anaikimbiza. Miezi miwili iliyopita alimwangusha jirani yetu wa bodaboda, mkono ukateguka. Jirani akaja na mkono umefungwa bandeji, akaniambia, "Eddo, shangazi yangu, mimi nakuheshimu. Lakini huyo mbwa akinifuata tena, wallahi namuua."

Kaka yangu aliye Nairobi akanitumia mkanda wa shingoni wenye rimoti. Ukibonyeza, mbwa anasikia mshtuko. Akanieleza vizuri kwa simu: "Abaayo, dada yangu, usikimbilie rimoti. Kwanza mfunge kamba, uishike mwenyewe. Bonyeza namba ya chini kabisa, hapo hapo mvute taratibu kwako. Akija, achia vyote, umpe nyama. Lazima ajue kuja kwako ndiyo nafuu yake."

Nikasema sawa, sawa. Uongo mtupu. Kwetu mbwa ni wa kulinda, si wa kushikwashikwa. Mate yake yakikugusa, kwa dini yetu unaosha mara saba, moja kwa udongo, na maji yenyewe nayaleta na punda. Ukishika kamba atakulamba tu. Na mama mkwe alikuwa mlangoni ananitazama: "Unamfundisha au unamlea kama mjukuu wangu?" Basi nikavaa glavu, nikamfunga ule mkanda, nikaenda kusimama mbali, nikajiona fundi. Rimoti si inafika? Kamba ya nini?

Pikipiki ikapita. Libaax akachomoka. Nikaita, "Libaax!" nikabonyeza. Hakusimama. Nikaongeza namba, nikaita tena, nikabonyeza. Alilia kama mtoto, akagaagaa chini, halafu akageuka kutazama sauti inatoka wapi. Akaniona mimi. Akaingia vichakani.

Kilichomwingia kichwani si pikipiki, ni sauti yangu. Sasa analala mbali na boma, mbuzi hawasogelei kabisa. Fisi wameshachukua wawili, alfajiri, mita chache kutoka mlangoni. Na ule mkanda bado uko shingoni mwake. Nimeona kwa mbali manyoya yamenyonyoka na kidonda kimeanza, na siwezi kumfikia nimvue. Naumia sana, nisiwafiche.

Daktari wa mifugo niliyemuuliza alisema, "Mama, sahau rimoti. Kaa chini, weka nyama kiganjani, ale kwenye mkono wako. Akikuzoea, mvue mkanda. Kamba baadaye, polepole." Nimekubali. Nitaosha hata mara sabini. Hata mama mkwe, ambaye hajawahi kumwita kwa jina, aliniambia, "Udongo upo, maji Mungu ataleta. Mrudishe."

Jana asubuhi nilikaa chini bila glavu, nyama kiganjani. Nikangoja sana. Libaax akaja mpaka kwenye uzio wa miiba, kichwa chini, mkia unatikisika kidogo. Akasogea tena. Nilikuwa nakiona kidonda. Furaha ikanizidi, mdomo ukaniponyoka: "Libaax."

Alijikunja, akakojoa pale pale aliposimama, akakimbia.

Nilibaki nimekaa mpaka ile nyama ikajaa nzi. Ndugu zangu mnaojua mbwa, nisaidieni, kidonda hakingoji. Huyu mbwa ana jina moja tu maishani mwake, na mimi ndiye niliyeliharibu. Nimwite vipi?