Bosi Tuliyemsubiri Getini

Chekeni tu, mimi nimeshajicheka vya kutosha. Kiwanda chetu hapa Morogoro kilipouzwa kwa mtu binafsi, mimi, profesa wa Kiingereza wa kujiteua, niliwatangazia wenzangu kwamba mambo ya "ndugu" yamekwisha. Sasa ni "bosi", neno ambalo Waingereza walilichukua kwa Waholanzi, maana yake bwana mkubwa.

Siku ya mnunuzi kuja, tulijipanga getini. Mama mmoja mtu mzima, amejifunga khanga, akaja kwa miguu kutoka upande wa Bigwa, akasimama mbele yangu. Shikamoo sikumpa.

"Mama, sogea, tunamsubiri bosi."

Mara gari likaingia, akashuka Mzungu.

"Gudi moning, bosi!" tukapaza sauti.

Mzungu akatupita, akainama mbele ya yule mama. "Shikamoo, bosi."

"Marahaba." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, bwana mkubwa?"