Mstari Niliopaswa Kuusahau

Siku yake ya kwanza kazini, Meneja aliniuliza kitabu cha mchezo kiko wapi. Alikuwa mgeni Garissa, ametoka Nakuru wiki ileile, na kalamu ilikuwa mkononi tayari. Mtunzi wetu, mzee niliyemwita abti, yaani mjomba, akaninyooshea fimbo.

"Kitabu ndicho hiki," alisema. "Kimevaa viatu vibovu, lakini kurasa zote zimo."

Meneja alicheka, akidhani ni utani. Kundi letu lilikuwa la watu kumi na mmoja, tukilipwa mshahara na shirika moja la kigeni, na tuliigiza kwa Kisomali michezo ambayo haikuwahi kuandikwa. Mtunzi aliitunga kichwani, nami nikaihifadhi kichwani. Mwenye kazi hiyo aliitwa hafidhi. Shuleni niliishia darasa la nne, lakini dugsi, yaani madrasa yetu, ilikuwa imenizoesha kuhifadhi aya kutoka kwenye loho, ubao wa kuandikia. Kichwa kilichofunzwa kwa loho hakiachi kitu kwa urahisi.

Nyinyi vijana mnaoigiza kwa karatasi, nawaeleza kidogo. Mashairi yetu yana sharti moja: kila mstari ubebe neno linaloanza kwa sauti ileile, tangu mchezo unapoanza hadi unapokwisha. Kwa hiyo huwezi kung'oa mstari na kuweka wowote unaoupata. Hafidhi hapunguzi wala haongezi. Mwenye haki ya kufuta ni mtunzi peke yake. Wakati wa onyesho nilikaa nyuma ya turubai, karibu na mpiga udi, na mwigizaji akikwama nilimnong'oneza mstari wake. Gedi, mwigizaji wetu mkuu, alikwama kwa maringo. Alisimama akishika ndevu kama anayewaza, na watu wakamsifu kwa busara. Mimi nilijua amepotea.

Mchezo wetu mkubwa ulihusu ukame. Abti aliutunga alipokuwa kijana, baada ya mama yake kufika kisimani na kukuta tope. Ndani yake mlikuwa na mstari uliotaja ukoo mmoja wa Wajir kwa jina, ukisema walitangulia kunywa na kuwaachia wazee tope. Jina hilo siliandiki hapa. Garissa tuliucheza miaka mitatu, mstari ukiwemo, na watu walicheka tu.

Kisha binti wa pekee wa Abti, Habiba, akaolewa Wajir, katika ukoo uleule.

Mwaka uliofuata Meneja alipanga safari ya kwenda kuigiza huko. Tulikuwa tumepanda juu ya lori, katika msafara wa polisi kama ilivyokuwa lazima siku zile, Abti aliponigusa bega.

"Bishar, ule mstari wa tope, ufute."

"Nimesikia, abti."

"Nimewaoza binti. Siwezi kuwaita wezi wa maji na chai yao iko tumboni mwangu."

Meneja akasema, "Si utunge mwingine, mzee, tuzibe hapo?"

"Waryaa, wewe kijana, mimi si bomba la maji ufungue mstari utoke. Gedi ataruka."

"Nitaruka kama mbuzi," Gedi akajibu, na lori zima likacheka.

Mstari ukifutwa, hafidhi anahitaji wiki nyingi kuusahau. Mimi nilikuwa na safari ya lori tu.

Tuliigiza katika uwanja wa shule baada ya Alasiri. Wazee waliketi mbele kwenye viti vya darasani, na Habiba aliketi upande wa wanawake pamoja na mama mkwe wake. Gedi alifika pale palipofutwa. Wimbo ulikuwa umezoea kuwa na mstari pale, naye akajikuta hana cha kusema. Akashika ndevu. Akageuka kidogo upande wangu.

Nami nikampa. Sikukusudia, walahi. Kinywa changu kilitoa kilichokuwa kimekaa pale miaka yote, na Gedi akakisema kwa sauti yake kubwa, na jina la ukoo ndani.

Mzee mmoja aliinuka, akachukua fimbo yake, akaondoka. Alikuwa baba mkwe wa Habiba. Watu wake walimfuata, wanawake pia, na Habiba akiwa kati yao. Hakugeuka.

Asubuhi wazee walituita. Baba mkwe aliuliza nani ameleta maneno yale.

"Ni yangu," Abti akasema. "Nilitunga mimi. Gedi ni mdomo tu, na huyu hafidhi ni sanduku. Sanduku halina kosa."

Nilikuwa nimeketi ubavuni pake. Ilikuwa zamu yangu kusema kwamba yeye aliufuta, na mimi ndiye niliyeurudisha. Nilitazama mkeka.

Wazee wakalipokea ombi la msamaha la kundi. Lakini baba mkwe akamwambia Abti, "Habiba ni wetu. Wewe usije tena nyumbani kwangu."

Tukiwa njiani kurudi, nilingoja anilaumu. Alisema, "Bishar, umechoka?"

"Sijachoka, abti."

"Basi nisomee ule mchezo wetu wa mvua."

Niliusoma hadi sauti ikakauka. Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Kila lori lililotoka Wajir alilifuata stendi kuuliza kama Habiba amejaliwa mtoto. Alijaliwa wawili. Abti hakuwaona.

Alipokufa, shirika likafunga mfuko, Meneja akahamishwa, na ukumbi wetu ukawa stoo ya mahindi ya msaada. Nilipata kazi ya ulinzi wa lango katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, nikaifanya hadi nilipostaafu. Langoni mtu ana muda mwingi wa kufikiri. Nilijivunia kutosahau neno la mtu, na neno langu mwenyewe, lililohitajika siku moja tu, sikulitoa.

Baada ya kustaafu nilikwenda Wajir. Habiba sasa ni mjane mwenye wajukuu. Nilimweleza yote, tangu lori hadi mkeka. Alikuwa akimimina chai, akaendelea kumimina hadi kikombe kikajaa.

"Kwa hiyo baba aliufuta," alisema.

"Aliufuta kwa ajili yako."

Aliweka birika chini. "Ungekuja akiwa hai."

Kisha akaniomba nimsomee mchezo wote, kwa kuwa hakuna mwingine aliye nao. Nilisoma mchana kutwa, na wajukuu wakikaa mlangoni. Nilipofika pale palipofutwa, nikavuta pumzi moja, nikaruka, nikaendelea. Sikukwama. Ilikuwa rahisi kabisa.